Jinsi Wamisri wa Kale Walivyovuta Mawe Makubwa



Nimetakiwa niseme machache juu ya majengo ya Misri ya kale, nami nimechagua sehemu moja tu ya habari hiyo, yaani jinsi watu wale walivyoyaondoa mawe mazito machimboni na kuyafikisha mahali pa kujengea. Habari za wafalme wao, miungu yao na maziko yao ni nyingi, nami naziacha. Swali langu ni swali la mtu wa kazi: jiwe lenye uzito wa tembo kumi lilikwendaje, na watu hawakuwa na chuma, wala winchi, wala mashine ya namna yo yote?

Nimelichagua swali hili kwa sababu majibu yapitayo midomoni mwa watu aghalabu si ya kweli. Katika vitabu vya kale vya Kiarabu imo hadithi kwamba mafundi wa Misri walitia karatasi yenye maandiko ya uganga chini ya jiwe, wakalipiga jiwe, nalo likaruka lenyewe mwendo wa mshale. Siku hizi wako watu, tena waliosoma, ambao wameuacha uganga lakini wameweka mahali pake viumbe watokao katika nyota nyingine. Ukiyapima maneno haya mawili utaona ni neno moja. Msemaji ameliona jengo, akawatazama watu wa Afrika ya kaskazini wa zamani zile, akakata shauri moyoni kwamba hawa hawawezi. Basi imempasa kumtafuta mwingine aliyeweza. Mimi nasema tusimtafute mwingine kabla hatujawauliza wenyewe. Na wenyewe wamejibu, maana waliacha picha, vyombo, barabara, makaburi, na hata daftari ya kazi.

Wengine kwetu husema waliojenga mapiramidi ni Waisraeli katika utumwa wao. Hilo nalo halipatani na hesabu ya miaka. Kitabu cha Kutoka chataja matofali, na miji ya Pithomu na Ramesesi, piramidi hakikutaja. Piramidi Kubwa la Giza lilijengwa kwa amri ya Mfalme Khufu zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na hiyo ni miaka elfu moja na zaidi kabla ya zamani ambazo wataalamu hukisia kuwa za Musa.

Kwanza tulitazame jengo kwa hesabu, na walimu waandike ubaoni. Kila upande wa piramidi lile chini una mita 230 hivi. Kimo chake lilipokamilika kilikuwa mita 146. Mawe yake yakadiriwa kuwa 2,300,000, na jiwe la kadiri lina uzito wa tani mbili na nusu. Herodotus, Myunani aliyefika Misri miaka elfu mbili na zaidi baada ya Khufu, aliambiwa na wenyeji kwamba kazi ilichukua miaka 20. Tukiikubali miaka hiyo, tunapata siku 7,300. Gawanyeni mawe kwa siku: ni mawe 315 kila siku. Siku ya kazi ikiwa ya saa kumi, basi kila dakika mbili jiwe moja lazima liwe limekaa mahali pake, na jingine liko nyuma yake linangoja. Hapo ndipo mtu aanzapo kuelewa kwamba taabu yenyewe haikuwa jiwe moja. Jiwe moja la tani mbili na nusu watu ishirini au thelathini wenye kamba nzuri hulivuta. Taabu ilikuwa ni kupanga watu, chakula, maji, kamba na njia, ili jiwe la kwanza lisizuie la pili, miaka na miaka.

Lakini kabla hatujastaajabu kupita kiasi, yafaa tujue mawe yalitoka wapi. Sehemu kubwa kabisa ya mawe ya piramidi lile haikutoka mbali. Ilikatwa papo hapo Giza, katika mwamba ulio kusini ya jengo, mwendo mfupi tu. Na shimo la machimbo liko mpaka leo. Mawe meupe ya chokaa yaliyo laini, ambayo yalivikwa nje ili jengo ling'ae, yalitoka Tura, ng'ambo ya mto. Na mawe magumu mekundu yaitwayo granaiti yalitoka Aswan, karibu kilomita 800 upande wa juu wa mto. Hayo hayakuwa mengi, ila yalikuwa mazito mno. Juu ya chumba cha mfalme, ndani ya piramidi, imelazwa mihimili tisa ya granaiti, na kwa pamoja yakadiriwa kuwa tani 400.

Juu ya kukata mawe nitasema kwa ufupi. Mawe ya chokaa si magumu sana. Waliyakata kwa tindo za shaba nyekundu na nyundo za mti. Granaiti haikatiki kwa shaba. Hiyo waliigonga kwa mawe ya mviringo ya namna ya doleraiti, magumu kuliko granaiti yenyewe, wakiitwanga kidogo kidogo mpaka ikawa unga. Huko Aswan iko nguzo moja ambayo haikumalizika, ingali imelala katika mwamba wake. Urefu wake ni kama mita 42, na kama ingalitolewa ingalikuwa na uzito wa tani elfu moja na zaidi. Ilipasuka, wakaiacha. Mwingereza mmoja, Reginald Engelbach, aliichunguza nguzo hiyo mwaka 1922, akashika jiwe la kugongea kwa mkono wake akajaribu. Saa nzima ya kutwanga ilimpa milimita chache tu. Ni kazi ya kuchosha na haina siri hata kidogo.

Sasa tufike kwenye kuvuta, maana ndiko kwenye mambo.

Wamisri hawakuyapakia mawe makubwa juu ya magurudumu. Gurudumu lenye mzigo wa tani nyingi likipita mchangani huzama, na kadiri linavyovutwa ndivyo linavyochimba. Walitumia gari la kuburura lisilo na magurudumu: magogo mawili marefu yaliyolazwa sambamba, mbele yamepindwa kwenda juu kidogo, nayo yameunganishwa kwa vipande vya mti. Jiwe hukaa juu yake, likafungwa kwa kamba, na watu wakavuta mbele.

Twajuaje? Kwa sababu mkubwa mmoja wa nchi, jina lake Djehutihotep, aliyetawala wilaya yake karibu miaka 1900 kabla ya Kristo, aliagiza kazi hiyo ichorwe ukutani katika kaburi lake, mahali paitwapo Deir el-Bersha. Huyu alikuwa kama chifu chini ya mfalme, na alitaka watu wa baadaye wajue kwamba sanamu yake ilikuwa kubwa. Shukrani kwa majivuno yake, sisi tumeijua kazi. Maandiko ya ukutani yasema sanamu ilikuwa na kimo cha dhiraa 13, na kutokana na kipimo hicho wataalamu wamekadiria uzito wake kuwa tani 58. Imekaa juu ya gari la kuburura. Mbele yake zimefungwa kamba nne, na kila kamba ina watu 43, jumla 172. Gawanyeni tena: kila mtu ana sehemu yake ya kilo 337. Hakuna awezaye kuinua kilo 337. Lakini hapana aliyeambiwa ainue, waliambiwa wavute.

Katika picha ile wako watu wawili ambao mimi nawapenda kuliko wote. Wa kwanza amesimama juu ya goti la sanamu, anapiga makofi. Waliowahi kukokota mtumbwi mpya kutoka msituni mpaka ziwani, au kushusha jahazi pwani, hawahitaji kuelezwa kazi ya mtu huyu. Watu 172 wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, gari halisogei. Wakivuta wote kwa pigo moja, linakwenda. Huyo apigaye makofi havuti kitu, na pasipo yeye nguvu za wengine zapotea bure.

Wa pili amesimama mbele kabisa juu ya gari, miguuni pa sanamu, anamwaga maji juu ya njia kutoka katika mtungi. Na pembeni wako wengine wanaoleta mitungi ya maji. Kwa miaka mingi wako wataalamu waliofikiri kwamba maji yale ni ya ibada tu, kama mtu atiavyo tambiko. Mwaka 2014 watu wa elimu katika Chuo Kikuu cha Amsterdam walilichunguza jambo hili kwa vipimo. Walichukua gari dogo la kuburura, wakaliweka uzito, wakalivuta juu ya mchanga mkavu, kisha juu ya mchanga uliotiwa maji kwa vipimo mbalimbali. Katika mchanga mkavu, mchanga hujikusanya mbele ya gari kama kilima, na mvutaji anajikuta anasukuma kilima pamoja na mzigo. Ukitia maji kiasi, chembe za mchanga hushikana, njia ikawa ngumu na ya sawasawa, wala kilima hakitokei. Maji yakiwa ya kadiri ifaayo, nguvu ya kuvuta hupungua kufika nusu. Yakizidi, mchanga hulegea na mzigo ukawa mzito tena.

Nusu, ndugu zangu! Pasipo mitungi ile, Djehutihotep angalihitaji watu wengine wengi sana kwa kazi ile ile. Na asiyeamini asinisadiki mimi. Walimu waweza kulijaribu jambo hili na watoto. Chukueni kisanduku cha mti, tieni mawe, fungeni kamba, na kwenye kamba tundikeni mizani ya kuning'iniza. Vuteni juu ya mchanga mkavu, msome mizani. Kisha nyunyizieni maji kidogo kidogo, mkivuta na kusoma kila mara, na mwandike. Mtaona mizani ikishuka, halafu maji yakizidi itapanda tena. Walioshika mitungi walikuwa wakijua kadiri ile kwa mkono na jicho, nao hawakuwa na mizani.

Juu ya kupandisha mawe, iko njia ya mteremko iliyojengwa kwa mawe, udongo na kifusi, ambayo gari la kuburura lilivutwa juu yake. Mabaki ya njia kama hizo yameonekana mahali pengi Misri. Umbo la njia iliyotumika kwenye piramidi la Khufu, kama ilikwenda moja kwa moja au ilizunguka pande za jengo, ni jambo ambalo wataalamu wangali wanabishana juu yake. Lakini mwaka 2018 ilitangazwa habari nzuri kutoka Hatnub, machimbo ya mawe meupe katika jangwa. Wachunguzi wa Kifaransa na Kiingereza waliona huko njia ya mteremko mkali, ina ngazi kila upande, na pembeni mashimo ambamo zamani zilisimikwa nguzo za mti. Na ilijulikana kuwa ni ya zamani za Khufu huyo huyo. Inaonekana kamba zilizungushwa kwenye nguzo, hata watu wengine waweze kuvuta huku wakishuka ngazi, na jiwe lipande. Mtu ashukaye huvuta kwa nguvu za mikono yake na uzito wa mwili wake pia. Na palipohitajika kulisogeza jiwe kidogo tu likae mahali pake, walitumia nyenzo za mti, kama nasi tunavyofanya gogo linapokwama.

Basi nimefika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa nalikubali kusimama mbele yenu, na mtanisamehe nikikaa naye kitambo, maana mimi ni karani, na yeye alikuwa mtu wa daftari.

Kando ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, palikuwa na bandari ya Mfalme Khufu. Kutoka hapo mashua zilivuka kwenda Sinai kuleta shaba, ile shaba ya kufanyia tindo. Watu wa bandari walichonga mapango mwambani ya kuwekea vyombo vyao, na walipoondoka waliyafunga kwa mawe makubwa. Mwaka 2013 wachunguzi wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet waliona, katikati ya mawe yale, vipande vingi vya karatasi za mafunjo vyenye maandiko ya wino. Ndizo karatasi zilizoandikwa za kale kuliko zote zilizopata kuonekana duniani. Na ndani yake imo daftari ya msimamizi mmoja, jina lake Merer.

Merer hakuwa mkubwa. Alisimamia kikosi cha watu arobaini hivi, na chombo. Kazi yao kwa miezi kadhaa ilikuwa kwenda Tura kupakia mawe meupe, kuyaleta Giza, kuyateremsha, na kurudi. Daftari yake imepigwa mistari kama yetu: juu umeandikwa mwezi, chini siku kwa siku, na kila siku ina sehemu yake. Leo tumekusanya mawe Tura. Leo tumepakia. Leo tumesafiri, tumelala mahali fulani. Leo tumefika. Hakuna sifa, hakuna maombolezo. Ametaja pia jina la mkubwa aliyesimamia mahali pa kupokelea mizigo, Ankhhaf, ambaye alikuwa ndugu wa mfalme kwa baba. Kwa daftari hii wataalamu wamepiga hesabu kwamba kikosi kilikwenda na kurudi mara mbili au tatu katika kila siku kumi, na kwamba huenda kililetea mawe kama 200 kwa mwezi.

Tazameni busara yao. Miezi ile ilikuwa miezi ya furiko. Mto Nili, ambao sehemu yake moja hutoka katika ziwa letu la Viktoria, zamani zile ulikuwa ukifurika huko Misri kwa maji ya mvua za Uhabeshi, na maji yalipanda mpaka karibu na jangwa. Tena mwaka 2022 wachunguzi walionyesha, kwa kupima udongo wa chini, kwamba wakati wa Khufu ulikuwapo mkono wa mto uliopita karibu na Giza. Kwa hiyo mawe yalibebwa na maji karibu mpaka mlangoni pa kazi. Palipo na maji waliyatumia, na kuvuta kwa mikono kulianza maji yalipokwisha.

Katika karatasi zile zile zimo hesabu za chakula. Na hapa nataka kusema neno kwa upole mbele ya wakubwa wangu. Sidai kwamba kazi ile ilikuwa ya hiari; mfalme aliagiza watu, nao wakaja. Lakini mtu asiyelishwa havuti kamba, na wakubwa wa Misri walilijua hilo. Karibu na mapiramidi ya Giza, Mmarekani Mark Lehner na wenzake wamefukua mji wa wafanya kazi, wenye tanuri za mikate, na mifupa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi kwa wingi sana. Mwaka 1990 yakaonekana makaburi ya wafanya kazi wenyewe, si mbali na piramidi. Watumwa wa kutupwa hawazikwi karibu na mfalme. Mifupa yao imesomwa na waganga: migongo imechakaa kwa mizigo, wanaume kwa wanawake, lakini mikono iliyovunjika imeungwa vizuri ikapona, yaani palikuwa na mtu wa kuwatibu.

Tena walikuwa na majina ya vikosi, nao waliyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mawe, mahali ambapo hawakudhani mtu angeona. Katika vyumba vya juu ndani ya piramidi la Khufu, ambavyo havikufunguliwa mpaka mwaka 1837, yameonekana majina ya vikosi vilivyojiita kwa jina la mfalme, kimoja kikijiita marafiki wa Khufu. Na katika majengo ya Mfalme Menkaure, kikosi kimoja kilijiita walevi wa Menkaure. Sisemi jina hilo lifuatwe. Nasema tu kwamba viumbe wa nyota nyingine wasingalijiita hivyo. Hao ni vijana wenye mzaha, waliokuwa wakishindana na kikosi cha jirani nani atafikisha jiwe kwanza.

Karatasi za Merer zimewekwa Cairo, na tangu mwaka 2016 watu wameonyeshwa baadhi yake katika jumba la makumbusho. Wino ungali unasomeka. Picha ya Djehutihotep na sanamu yake nimeichora kwenye ubao ule pale nyuma, kwa mkono wangu usio wa fundi. Mwenye kupenda aikaribie, na ahesabu watu wa kila kamba. Mwenye swali na aulize sasa. Walimu watakaofanya lile jaribio la mchanga, naomba waniletee namba zao, nami nitaziandika daftarini.